Kabla ya Kununua Mercedes ya Mkono wa Pili



Mercedes-Benz kuukuu yaweza kuuzwa kwa bei ya Toyota ndogo. Tusidanganyike: bei ya gari hushuka, ya vipuri haishuki. Mwenzetu mmoja alikopa kikundini akanunua moja jioni, viti vya ngozi, raha tupu! Asubuhi akaikuta imeinama upande mmoja. Ilikuwa ya springi za hewa, nazo zilikuwa zinavuja. Wadhamini wake bado wanalipa.

Basi twende kuliona gari asubuhi na mapema, kabla injini haijawashwa, pamoja na fundi wetu, si wa muuzaji. Tuulize pia bei ya springi hizo dukani. Halafu tuitishe rekodi za gari kutoka NTSA kupitia eCitizen. Jina la benki likiwa pamoja na la muuzaji, kuna deni. Hatutoi hata shilingi mpaka liondolewe.