Neno "stop" katika Biblia ya Kiingereza: ni kusimama au ni kuziba?

Masomo: Mwanzo 26:12-22, Mithali 21:13, Isaya 33:15, Matendo 7:54-60



Neno moja la Kiingereza ambalo karibu kila mmoja wetu analijua, hata asiyewahi kuketi darasani, ni stop. Limeandikwa barabarani kwenye kibao chekundu cha pembe nane, upande huu wa mto Rusizi na upande wa Kongo vilevile, ingawa kule tulisoma kwa Kifaransa. Watoto wetu hapa Nzahaha wanalikuta pia shuleni, maana mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza. Mtoto akiulizwa maana yake hujibu upesi: simama. Amejibu vema. Lakini akifungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile iitwayo ya Mfalme James, ambayo bado inasomwa na makanisa mengi, jibu hilo litamchanganya.

Neno hilo lilianzia katika Kilatini. Stuppa zilikuwa nyuzi ngumu za kitani, zile zinazobaki baada ya nyuzi nzuri kuchambuliwa. Watu walizisindilia kwenye tundu au kwenye ufa wa mbao, kama wajenzi wa majahazi ya Pwani wanavyotia kalafati ya pamba ili maji yasiingie. Kwa hiyo maana ya kwanza ya stop ni kuziba. Karne ya 15 hivi ndipo Waingereza walipoanza kulitumia kwa kumzuia mtu asiendelee, na baadaye kwa kusimama. Njia ya maana hiyo ni rahisi kuiona, maana ukiziba tundu, maji hayatiririki tena. Kizibo cha chupa mpaka leo wanakiita stopper. (Na wazee waliowahi kupokea telegramu watakumbuka kwamba humo neno hilo lilishika nafasi ya nukta.)

Basi katika Biblia ile, stop karibu kila mara ni kuziba. Yule towashi alipoamuru gari lisimame ili abatizwe (Matendo 8:38), watafsiri hawakutumia stop, walitumia maneno mengine. Lakini walilitumia kwa Hezekia alipoziba chemchemi (2 Nyakati 32), na kwa mashujaa wa imani waliofunga vinywa vya simba (Waebrania 11:33). Iko mistari michache ya kuzuia safari, kama pale Eliya anapomhimiza Ahabu ateremke mvua isije ikamzuia (1 Wafalme 18:44). Sisi wenye Biblia ya Kiswahili hatupati taabu hiyo, kwa kuwa tuna simama, koma, acha, zuia, ziba na fumba, kila neno na kazi yake.

Tuangalie visima kwanza. Katika Mwanzo 26 Wafilisti walimwonea Isaka wivu, wakavifukia kwa udongo visima vya baba yake. Kiingereza kinasema walivi-stop. Hawakuviteka ili wanywe wao. Waliviziba tu, asinywe mtu. Kisha Abimeleki akamwambia Isaka aondoke. Tusisome habari hii kana kwamba kuhama kule kulikuwa kwepesi, sisi tunajua kuhama na watoto ni nini. Isaka alivifukua vile vya baba yake na kuviita kwa majina yale yale ya zamani. Alipochimba kipya wakagombana naye, akakiita Eseki. Akachimba kingine, wakagombania na hicho, akakiita Sitna. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Kilichozibwa kwa udongo kiliweza kufukuliwa, lakini kwa jasho, na si mara moja.

Kuziba si kubaya siku zote. Nehemia alipojenga ukuta wa Yerusalemu, mahali palipobomoka palianza kuzibwa, na adui wakakasirika (Nehemia 4:7). Majirani zetu Wanyarwanda wanasema kuziba icyuho, na wanaelewana bila kufafanuliwa.

Ugumu uko kwenye masikio. Isaya 33:15 inamsifu mtu azibaye masikio asisikie habari za damu. Mithali 21:13 inamwonya mtu azibaye masikio asisikie kilio cha maskini, kwamba naye atalia asisikilizwe. Kitendo ni kimoja, hukumu ni mbili. Na wale waliompiga Stefano kwa mawe waliziba masikio kwanza (Matendo 7:57). Huenda walijiona ndio wenye haki wa Isaya, wanaokataa kusikia uovu.

Hapa kambini sauti za damu zinatufikia kila siku. Zinapita kwenye simu, sauti zilizorekodiwa na watu tusiowajua, zikitutajia kabila la kulipiziwa kisasi. Hizo tuzizibie masikio, na tusizitume kwa mwingine. Lakini tukubali pia kwamba tumechoka. Kila nyumba ina habari yake ya kukimbia, na posho ikipungua, jirani anayebisha hodi kuomba unga anatukuta tumekwisha kusikia vilio vingi. Mtu aweza kuanza kwa kuziba masikio asisikie uchochezi, akajikuta hamsikii tena hata mama mjane wa hema la pili. Kizibo hakichagui sauti. Kwa hiyo tunadhani Isaya hasemi juu ya mtu aliyeziba masikio akayaacha hivyo, bali juu ya mtu anayejua ni nani anayesema naye, na anataka nini.

Kwa vikundi vya nyumbani juma hili: someni Mithali 21:13 na Isaya 33:15 pamoja, kila mtu katika lugha aliyo nayo, Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza. Kisha kila kikundi kijibu: ni sauti gani tuliyoizibia masikio mwaka huu, na ilikuwa ya nani?