Makumbi ya nazi kwenye kizimba cha chura na mjusi

Anayeanza kufuga chura au mjusi hujali kwanza chakula na joto, matandiko huyakumbuka mwisho. Kwa chura hilo lina hatari zake. Chura hanywi maji kwa mdomo. Huyafyonza kwa ngozi, hasa ya tumboni na mapajani, akiwa amekaa mahali penye unyevu. Chumvi, mbolea au dawa iliyomo katika matandiko humfikia mwilini kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo ukitaka kumtandikia makumbi, muulize muuzaji kwanza yalilowekwa wapi.

Pwani ya kusini Unguja jibu utaliona kwa macho. Makunduchi na Jambiani, wanawake hufukia makumbi ufukweni, huyagandamiza kwa mawe na kuyaacha miezi kadhaa, bahari ikijaa na kupwa juu yake. Yakishalainika huyafukua na kuyaponda kwa mti, usumba ukatengana na unga wa kahawia. Usumba husokotwa kamba. Unga ule ndio wafugaji wanaoutaka, kwa sababu hushika maji mara nane hivi ya uzito wake na bado ukabaki na nafasi za hewa. Lakini umelala baharini muda wote huo, na chumvi imeingia kila chembe. Matofali ya unga mkavu yanayouzwa madukani, mengi yakitoka India na Sri Lanka, nayo hayatofautiani sana: baadhi ya makumbi yake hulowekwa katika maji ya chumvi. Hata yasiyogusa bahari yana potasiamu nyingi ya asili.

Suuza, basi, na usione taabu. Loweka unga kwenye ndoo, koroga, umimine kwenye kitambaa, kamua, mwaga yale maji ya rangi ya chai, kisha rudia. Kama una kipimo cha chumvi ya maji, kile cha wafugaji wa samaki, pima maji safi kabla ya kuanza, halafu pima yanayotoka kwenye unga. Endelea mpaka namba mbili hizo zikaribiane. Maji ya mvua yanafaa zaidi. Ya bomba yana klorini, tumia dawa ya kuiondoa inayouzwa kwa wafuga samaki. Unga uliotayarishwa kwa ajili ya miche uache dukani, maana mara nyingi huoshwa kwa nitreti ya kalsiamu au huchanganywa na mbolea nyingine. Tofali la gramu 650 hunywa lita 4 hivi za maji na kuumuka hadi lita 7 au zaidi.

Ukubwa wa chembe unategemea mnyama. Chura mkubwa anayejifukia ardhini anataka unga laini, kina cha sentimita 10 au zaidi, wenye unyevu wa kiasi. Chukua konzi moja uikamue: ikishikamana na kutoa tone moja au mawili, iko sawa; maji yakichuruzika, hilo ni tope na litamletea maradhi ya ngozi. Usimpe vipande vya makumbi wala nyuzi ndefu. Chura hurukia mdudu akameza na kilicho chini yake, na nyuzi zikimziba tumbo anaweza kufa. Chakula kiweke kwenye kisahani. Vipande vikubwa vinamfaa chatu, kwa kuwa haviozi upesi na uchafu wake huonekana.

Kinyonga anayetaga ana haja yake. Jike hushuka mtini kuchimba shimo la mayai, na unga mtupu humporomokea. Changanya na mchanga safi nusu kwa nusu, uloweshe, kisha chomeka kidole: tundu likisimama, atachimba. Mjusi wa jangwani, kama wa mkia wa miiba wa Omani, makumbi si yake kabisa. Unyevu utamdhuru, na unga ukikauka hutimua vumbi la machoni na puani.

Mnyama mgeni, wa aina yoyote ile, mlaze kwanza kwenye karatasi nyeupe kwa wiki kadhaa, uone kinyesi chake na kupe au utitiri alionao. Na kabla ya yote hayo, pata kibali cha mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako. Kumwokota porini bila kibali kunaweza kuwa kosa la jinai.

Ukungu mweupe juu ya makumbi mapya hauna haja ya kukutisha. Ongeza hewa, punguza maji, tandaza majani makavu. Matandiko yakianza kunuka uvundo, yatoe yote.

Yakishatoka, usiyamwage mtoni wala kwenye bustani ya mboga. Reptilia wengi hubeba salmonela bila kuugua, na matandiko ya chura yanaweza kubeba kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi. Kuvu hiyo ilikutwa kwa vyura wa Kihansi, mkoani Morogoro, idadi yao ilipoporomoka mwaka 2003. Kufikia 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, wakabaki walio kwenye vizimba tu. Anika matandiko juani mpaka yakauke kabisa, kisha yafukie mbali na maji, na unawe mikono kwa sabuni.