Umeshindwa kesi Masumbwe: ukate rufaa au umshitaki hakimu?

Mchimbaji akishindwa kesi ya mgao wa duara, yaani shimo la uchimbaji, katika Mahakama ya Mwanzo, wenzake wanaomngoja nje huwa wameshatoa hukumu yao: hakimu amekula hela. Huenda kweli amekula. Huenda hakula chochote, ila amekosea sheria. Na huenda ameamua sawasawa, kwa sababu makubaliano ya mgao yalifanyika kwa mdomo pale shimoni na hakuna shahidi wala karatasi. Kabla hujaandika barua kwa mkubwa yeyote, jiulize unalalamikia nini hasa: hukumu, au mwenendo wa aliyeitoa?

Kama ni hukumu, njia yako ni rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30 tangu hukumu iliposomwa. Siku hizo hazisimami eti kwa kuwa umepeleka malalamiko kwa Mkuu wa Wilaya. Hapa ndipo wengi wanapoumia: wanangoja majibu ya barua, mwezi unakatika, kisha wanalazimika kuanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa. Wengine hungoja nakala ya hukumu, ilhali kwa rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo kanuni hazikulazimishi kuiambatanisha. Kata rufaa kwanza, nakala utaifuatilia.

Kama ni mwenendo, ipo Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama, iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011. Ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya na huchunguza malalamiko dhidi ya mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Juu yake ipo ya mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa. Wazee wa Masumbwe waliozoea kuhesabiwa Bukombe, mkoa wa Shinyanga, wakumbuke kwamba tangu 2012 sisi ni Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Barua iende ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Mbogwe.

Kamati hutazama mambo kama kudai fedha, kuteta faraghani na upande mmoja wa kesi, kumtukana mdaawa, kuja kazini amelewa, kusikiliza kesi ya ndugu yake, au kuahirisha shauri mara kwa mara bila sababu. Haiwezi kutengua hukumu. Ibara ya 107B ya Katiba inasema mahakama zitakuwa huru katika kutoa haki, na kinga hiyo ni yako pia: Mkuu wa Wilaya angekuwa na uwezo wa kufuta hukumu, mwenye karasha (mashine ya kusagia mawe) anayefahamiana naye angefutiwa ya kwake kabla yako.

Sasa barua yenyewe. “Hakimu ni mla rushwa, tumechoka” haichunguziki. Andika namba ya kesi, tarehe, mahali, maneno uliyoambiwa, kiasi kilichotajwa na nani alikuwepo. Tenganisha ulichokiona kwa macho yako na ulichosikia kwa watu. Weka jina na namba ya simu, maana mashahidi huitwa kwa simu. Ukiikabidhi, hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Jiandae kwa jambo moja linalowatisha wengi: hakimu atajulishwa tuhuma na atajibu. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na hakimu naye ni mtu. Haki hiyo hiyo ndiyo unayoisimamia wewe unapoomba nafasi ya kueleza na kuleta mashahidi wako. Na kama mjumbe wa kamati ana hisa katika duara mnalogombania, au ni shemeji wa hakimu, liseme mapema, kwa heshima, na uombe akae pembeni. Ukinyamaza mpaka mambo yakugeukie, pingamizi lako litaonekana la mtu aliyeshindwa.

Kamati haimfukuzi hakimu. Inachunguza, inatoa mapendekezo, na mwenye mamlaka ya nidhamu ni Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Kwa hiyo usikate tamaa ukimwona hakimu yule yule bado anaketi wiki zinazofuata. Andika kuulizia, ukitaja tarehe ya ule muhuri.

Rushwa ina mlango wake wa pili. Kuomba hongo ni kosa la jinai hata kama hukutoa senti, hivyo piga TAKUKURU kwa 113, bila malipo, na upige kabla hujalipa. Anayekuomba akiwa karani, au kijana anayejiita mtu wa hakimu, usimtupie hakimu tuhuma usiyoweza kuithibitisha. Mtaje huyo huyo aliyekuomba, TAKUKURU wajue wenyewe pesa ilikuwa inakwenda kwa nani.