Mfumo Upi wa Kompyuta kwa Kazi ya Chapa?

Mwenye duka la uchapaji Mbeya au Iringa achague programu kwanza, mfumo endeshi baadaye. InDesign hulipiwa ada, na hutumika kwenye Windows na Mac tu. Scribus ni ya bure, na hutumika pia kwenye Linux, ambayo nayo haina malipo. Wateja wakileta faili za InDesign, Windows au Mac haiepukiki. Asiye na wateja hao, Scribus inamtosha, kwani zote mbili hutoa PDF.

Kazi inayopelekwa kuchapwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, ikaguliwe kabla ya safari: fonti ziwe ndani ya faili, rangi ziwe zile nne za uchapaji, na kila upande uwe na ziada ya milimita 3 ya kukatwa. Fonti ikikosekana, herufi hubadilika na pleti hutupwa.