Wanahabari wa Michezo Shuleni: Idhini ya Mzazi Kwanza

Muhula wa pili ni wa soka, voliboli na netiboli, na shule nyingi hupenda wanafunzi wenyewe waripoti mechi. Kabla ya picha ya kwanza kupigwa, idhini ya mzazi ipatikane.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha zikiwemo. Mnamo Septemba 2023, shule moja nchini ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Shule inayoanzisha chama cha wanahabari ifuate hatua hizi:

1. Fomu: Ieleze picha zitatumika wapi. Mzazi akikataa, picha ya mwanawe isichapishwe.

2. Kazi: Wanafunzi wanne wanatosha kuanza: mwandishi, mpiga picha, mweka takwimu na mhariri. Wabadilishane kila muhula.

3. Vifaa: Simu au kamera iwe ya shule, na itunzwe na mwalimu mlezi wa chama.

4. Ukweli: Matokeo na majina ya wafungaji yathibitishwe kwa refa au kocha.

5. Utu: Aliyeumia au aliyekosa penalti asianikwe. Inatosha kuandika kuwa timu ilishindwa 2-1.

Mwalimu mlezi asome kila habari kabla haijatoka. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza, kuhakikisha na kuomba ruhusa amepata ujuzi, hata timu yake ikirudi bila kombe.