Swingi ya kijana, kiuno cha mzee

SWALI: Daktari, mimi ni mstaafu wa miaka 58, naishi Arusha. Nacheza gofu kila Jumamosi, mara nyingine na Jumatano. Napiga kwa mkono wa kulia na handikapu yangu ni 18. Mwaka huu mwanangu alinionyesha kwenye simu video za wachezaji wa kulipwa, nikaanza kuwaiga: nyayo zimeganda chini, nyonga zimetulia, mabega yanazunguka mpaka mwisho. Mpira unakwenda mbali kweli, lakini kuanzia shimo la sita au la saba kiuno upande wa kulia kinaanza kuuma, na Jumapili siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Siku hizi nameza diklofenaki kabla ya kucheza. Natumia pia dawa za presha. Mashindano ya klabu yetu ni wiki tatu zijazo. Nirekebishe nini ili niwahi?

JIBU: Mzee wangu, mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mhariri kanipa barua yako kwa sababu anajua Jumamosi na mimi huwa uwanjani, ingawa mipira yangu mingi huishia vichakani.

Kabla ya swingi, tuanze na hicho kidonge. Diklofenaki na ndugu zake zinaweza kupandisha presha, kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na kuzielemea figo, hasa kwa mtu anayetembea juani kwa muda wa saa nne huku maji akiyasahau kwenye begi. Isitoshe, kinachouma hakijapona, kimenyamazishwa tu, nawe unaendelea kukipiga. Acha kuimeza kabla ya mchezo, na ukienda kliniki yako ya presha mwambie daktari umeitumia kwa muda gani.

Sasa tuje kwenye video za mwanao. Ulichoiga ni mtindo wa kuzuia nyonga huku mabega yakizunguka sana, ili mwili ujikaze kama mpira wa manati. Nguvu inapatikana, hilo sibishi. Lakini mzunguko lazima utoke mahali fulani. Pingili tano za kiuno, hata ukizijumlisha zote, haziwezi kuzunguka nyuzi 15 kila upande. Kazi kubwa ya kiuno ni kuinama, kuinuka na kubeba. Wanaozunguka ni wenzake wawili: mgongo wa juu, pale mbavu zilipojishika, na nyonga. Kijana wa miaka 23 anayefanya mazoezi kila siku ana akiba kubwa sehemu hizo mbili. Wewe una miaka 58. Ulipozifunga nyonga kwa makusudi, na kifua kikawa kigumu chenyewe, deni lote likaangukia kiuno. Vipimo vya maabara vimewahi kuonyesha kwamba mkwaju mmoja wa nguvu unaweza kuibana mifupa ya kiuno kwa mzigo wa takriban mara nane ya uzito wa mwili. Na anayepiga kwa mkono wa kulia huumia zaidi upande wa kulia, kwa sababu wakati wa kupiga anazunguka na papo hapo analalia upande huo.

Jipime leo nyumbani. Keti juu ya meza imara, miguu ining'inie, mapaja yatulie. Bila kuinua paja, peleka unyayo wa kushoto nje, mbali na mguu mwingine, kisha fanya vivyo hivyo kwa wa kulia. Hapo nyonga ndiyo inayozunguka kwa ndani. Juzi nilimfanyia hivyo mzee mmoja mwenye malalamiko kama yako. Unyayo wa kulia ulikwenda vizuri tu. Wa kushoto ulisogea kama upana wa kiganja ukagoma, naye akaanza kuinua kalio ili kunidanganya, bila kujua kama anadanganya. Basi kwako pia nyonga ya kushoto ndiyo mwili wako unaoizunguka unapoupiga mpira na kumalizia. Ikigoma, kiuno kitailipia.

Kwa hiyo swingi inajengwa upya kuanzia chini, jambo moja kwa wakati mmoja. Najua kishawishi cha kubadili mshiko, kusimama, mabega na kichwa ndani ya Jumamosi moja. Haiwezekani, na sababu yake ni rahisi: kutoka fimbo ikiwa juu hadi inapogusa mpira ni kama robo sekunde. Ndani ya robo sekunde hakuna mtu anayefikiri. Mwili unatoa ulichozoeshwa, na mazoea hayo yanatengenezwa kwa kurudia polepole, siku nyingi, usingizi ukiwa katikati. Nick Faldo wa Uingereza, ambaye tayari alikuwa mshindi wa mataji, aliibomoa swingi yake miaka ya 1980 pamoja na kocha David Leadbetter. Ilimchukua kama miaka miwili, na katikati yake alicheza vibaya hadi watu wakamsikitikia. Mwaka 1987 alishinda mashindano ya The Open kwenye uwanja wa Muirfield, na siku ya mwisho alimaliza mashimo yote 18 kwa par, yaani idadi ya mikwaju iliyopangiwa kila shimo, hakuzidisha wala kupunguza hata mmoja. Huyo alikuwa akipiga mamia ya mipira kwa siku. Wewe una Jumamosi na Jumatano.

Wiki tatu za kwanza fimbo kubwa ibaki nyumbani. Asubuhi tandika mkeka, lala ubavu, magoti yakunjwe mbele, kisha ufungue mkono wa juu kwenda nyuma kama unayefunua ukurasa wa gazeti, macho yakiufuata. Mara kumi kila upande. Kisha lala chali, kunja magoti nyayo zikiwa chini, inua makalio, hesabu tano, shusha. Baadaye keti mkekani, mikono nyuma, angusha magoti yote mawili kushoto na kulia taratibu. Dakika 12 zinatosha. Uwanjani piga mikwaju mifupi tu, fimbo isipande kupita kiuno.

Badiliko la kwanza la swingi ni dogo hadi utalidharau: nyayo. Jifikirie umesimama katikati ya uso wa saa ukitazama 12. Kiatu cha kushoto kielekee 11, cha kulia kielekee 1. Kwa kufanya hivyo umeipa nyonga nafasi bila kusubiri ilainike. Kaa na hilo peke yake wiki mbili au tatu, mpaka usilifikirie tena. Kisha ruhusu nyonga zigeuke pamoja na mabega unapopandisha fimbo, na kisigino cha kushoto kikitaka kuinuka, kiinuke. Wapo watakaokucheka kwamba ni mtindo wa zamani. Jack Nicklaus alikuwa akiinua kisigino hicho, na ana mataji makubwa 18.

La tatu ni kufupisha. Fimbo iishie robo tatu ya pale unapoifikisha sasa. Utapoteza umbali kidogo, pengine usipoteze kabisa, maana mpira utaanza kugongwa katikati ya uso wa fimbo. La mwisho ni kumalizia: simama wima, kitovu kitazame unakolenga, uzito wote juu ya mguu wa kushoto. Kumalizia ukiwa umejipinda nyuma kama upinde ndiko kunakozidisha maumivu ya Jumapili.

Kila badiliko lianze bila mpira, polepole kama mtu anayetembea majini. Kisha nusu ya nguvu. Kisha robo tatu. Maumivu yakirudi na yakadumu hadi kesho yake, rudi hatua moja nyuma. Jumla yake ni wiki 12 hivi, na kati ya wiki ya nne na ya saba utacheza vibaya kuliko ulivyowahi kucheza. Wenzako uwaambie mapema, wasije wakakupa ushauri.

Kabla ya shimo la kwanza tembea dakika 10, zungusha fimbo polepole mara kadhaa. Begi livutwe kwa kigari au libebwe na mbeba fimbo, na mpira uuokote kwa kupiga goti.

Usifanye lolote kati ya haya, uende hospitali, kama maumivu yanashuka hadi chini ya goti, mguu unakufa ganzi au unalegea, yanakuamsha usiku, au unapungua uzito bila sababu. Ukipata ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia mkojo au choo, nenda saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Kuhusu mashindano ya wiki tatu zijazo: usicheze. Jitolee kuhesabu mikwaju ya wenzako, na baada ya wiki 12 niandikie uniambie kamba za viatu unazifunga vipi.