Mafunzo Niliyopata Nikituliza Maumivu ya Mifugo Usukumani

1. Ng'ombe akinyamaza, mchunguze zaidi. Wafugaji wa Kisesa na Magu huniambia, "Daktari, huyu kashapoa, ona alivyotulia." Lakini ng'ombe huficha maumivu, asije akaonekana dhaifu mbele ya mnyama mkali. Mwaka 2014 watafiti wa Botucatu, Brazili, walichapisha mizani ya maumivu waliyoijaribu kwa madume ya Nelore waliohasiwa. Nelore ni zebu mwenye nundu, kama hawa wetu tunaowafanya maksai wa kulimia, ndiyo maana naiamini sana hapa. Haihitaji mashine: unatazama mwendo, ulaji, anavyokaa na wenzake, kama analamba kidonda au anarusha miguu. Kazi hiyo humwachia kijana anayechunga. Anamjua kila ng'ombe zizini, na mabadiliko madogo huyaona kabla yangu.

2. Ganzi ni ya kilo, si ya mazoea. Mbuzi mchanga wa kilo 4 akichomwa mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2, tayari amepata miligramu 5 kwa kila kilo, na hapo mpaka wa usalama u karibu. Ukizidisha anaweza kupata degedege. Mimi huizimua kwa maji ya chumvi ya dripu ifike asilimia 1, ieneze ganzi bila kuongeza dawa.

3. Dozi ya zailazini, dawa ya kumlegeza mnyama, kwa ng'ombe ni takriban sehemu 1 ya 10 ya dozi ya farasi. Akilala, mlaze kwa kifua, mdomo uelekee chini mate yatoke, na uangalie tumbo lisijae gesi.

4. Ganzi huisha kabla ya maumivu. Lignokeini hudumu saa 1 hadi 2, ilhali kidonda cha kuhasiwa huuma kwa siku kadhaa. Majaribio kwa ndama yameonyesha kuwa ganzi pamoja na meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu, hutuliza vizuri kuliko ganzi peke yake. Diklofenaki siitaki kwa mifugo. Mwaka 2004 watafiti walieleza jinsi tumbusi wa Pakistani walivyokufa kwa figo baada ya kula mizoga ya mifugo iliyotibiwa kwa dawa hiyo. Meloksikamu ilipojaribiwa haikuwadhuru. Sisi tunapakana na Serengeti, na mzoga ukitupwa porini huko Bunda, tumbusi hawaulizi ulitibiwa kwa nini. Nikitumia meloksikamu, mwenye ng'ombe wa maziwa namwambia mapema asiuze maziwa hadi siku za kwenye lebo ziishe. Akishaelewa hivyo, mara nyingi hulipia sindano bila kubishana. Ninachowaomba wenye maduka ya dawa za mifugo mjini Mwanza ni kuweka meloksikamu ya kutosha, hasa msimu wa kuhasi.